Ngozi Kavu ya Mtoto: Tupakae Nini?

Wenye watoto wa kunyonya wanyonyeshe tu, msiogope, mazungumzo yataendelea. Kilo tutapima nyuma, na kila mama atapita kwa zamu yake.

Leo tuongee juu ya ngozi. Ngozi ya mtoto, na ya mama pia. Najua wengine watasema: muganga, sisi tuna malaria, tuna kuhara, tumekimbia vita mara ngapi, na wewe unatuletea habari ya pomadi? Ni kweli, malaria inaua kuliko ngozi kavu. Lakini sikieni kwanza.

Kiangazi kimoja, mama mmoja aliketi kwenye benchi kama hili lenu. Mtoto wake alikuwa na miezi saba. Mashavu ya mtoto yalikuwa mekundu na yamepasuka. Ndani ya viwiko na nyuma ya magoti ngozi ilitoa maji. Mtoto halali, anajikuna usiku kucha. Mama halali. Baba amechukua mkeka wake, amehamia nyumba ya jikoni. Nikamwuliza: "Mama, unamupakaa nini?" Akajibu: "Muganga, ulize kitu gani sijapakaa!"

Akafungua kikwembe chake, akatoa vitu kimoja kimoja. Maziwa ya kupakaa yenye harufu ya maua, alipewa na mdogo wake. Sabuni ya dawa, ile ya harufu kali. Chupa ndogo ya mafuta ya zeituni, imetoka kwenye maombi. Majani ya kusaga, ya mama mkwe. Pomadi ya kopo lisilo na jina. Na mwisho, kitu kidogo cha kukamua, kama dawa ya meno, kilichonunuliwa sokoni bila boksi lake. Akasema: "Hiki ndicho kilisaidia. Siku tatu tu, mtoto akapona kabisa. Nikaacha, ugonjwa ukarudi. Nikapakaa tena, ukapona. Sasa nikiacha unarudi na nguvu kupita mbele."

Nitarudi kwa mama huyu. Kwanza tuelewe ngozi yenyewe.

Mmeona nyumba ya miti na udongo. Miti ni mingi, lakini bila udongo katikati, upepo unaingia, mvua inaingia, na joto la moto linatoka nje. Ngozi ni vile vile. Ina vipande vidogo sana, macho hayavioni, vimepangwa kama tofali. Katikati ya vipande kuna mafuta ambayo mwili wenyewe unatengeneza. Mafuta hayo ndiyo udongo wa ukuta. Yakipungua, maji ya mwilini yanatoka nje polepole, ngozi inakauka, inakuwa nyeupe kama majivu, inapasuka. Na kwenye mipasuko wadudu wa ugonjwa wanaingia.

Watoto wengine wanazaliwa na ukuta dhaifu. Si kosa la mama. Si kwa sababu ulikula kitu kibaya ulipokuwa na mimba, na si maneno ya jirani. Mara nyingi katika jamaa kuna mtu mwenye pumu, ao anayepiga chafya na kutoka machozi kila majira ya maua. Ngozi ya namna hiyo waganga wanaiita egzema. Haiambukizi. Mtoto huyo acheze na wenzake, alale na ndugu zake.

Tena, hapa kwetu Fataki, juu ya vilima hivi vya Djugu, asubuhi kuna baridi, na toka mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili upepo ni mkavu na vumbi ni nyingi. Usiku tunakaa karibu na moto, na moto unakausha. Hata ngozi yenye nguvu inalia. Sembuse ile dhaifu.

Sasa, tufanye nini? Watu wengi wanakimbilia kununua. Mimi nasema tuanze na kuacha. Mtoto yule alikuwa anapakwa vitu sita, na vitano kati ya hivyo vilikuwa vinamchoma.

Tuanze na sabuni. Sabuni kazi yake ni kuondoa mafuta. Ndiyo maana sahani inatakata. Lakini ngozi haijui kuchagua kati ya uchafu na udongo wa ukuta: sabuni inachukua vyote viwili. Sabuni ya kufulia ni kali kupita zote, na unga wa kufulia ni mbaya zaidi. Hata nguo za mtoto uzisuuze mara mbili, maana sabuni iliyobaki kwenye nguo inamchoma mchana kutwa. Sabuni ya dawa nayo haifai kwa ngozi kavu. Inaitwa dawa, lakini haiponyi ukavu, inauongeza.

Mtoto mwenye ngozi kavu anaogeshwa mara moja kwa siku, inatosha. Maji ya uvuguvugu, siyo ya moto. Ninajua mama zetu wanapenda maji ya moto kweli kweli kwa mtoto, na kumkanda mpaka anang'aa. Kwa mtoto huyu, hapana. Dakika tano ao kumi, halafu umtoe. Sabuni ya mtoto isiyo na harufu, kidogo, kwenye makwapa, mapajani, makalio na shingoni tu. Mikono, miguu na tumbo vinatosheka na maji. Usisugue kwa kitambaa kigumu. Kwenye kambi, ambako mama anapanga foleni ya maji na bidoni moja lazima itoshe jamaa nzima, kopo chache za maji na mkono laini vinafanya kazi. Msione aibu kwa hilo.

Ukimtoa, umguse guse na kitambaa, usimpanguse mpaka akauke kabisa. Abaki na umande. Na hapo hapo, maji bado kwenye ngozi, upakae mafuta. Hii ndiyo siri ambayo haiuzwi sokoni. Mafuta mengi hayana maji ndani yake. Kazi yao ni kufunika maji yaliyopo yasitoke. Ukipakaa kwenye ngozi iliyokauka zamani, unafunika ukavu.

Mama mmoja ataniuliza: mafuta gani, muganga? Sawa, tufike huko.

Kwa ngozi kavu sana na yenye kuchomeka upesi, ninachagua vazelini nyeupe, isiyo na harufu wala rangi. Inatoka katika mafuta ya petroli, watu waliisafisha. Mmarekani mmoja, Robert Chesebrough, aliandikisha kazi hiyo mwaka 1872, na mpaka leo sijaona kitu cha bei ndogo kinachoipita kwa kufunika maji. Haichomi. Haiharibiki upesi. Ubaya wake ni huu: inanata, vumbi inashika, na siku za jua kali mtoto anatoka jasho chini yake. Basi mchana upakae kidogo, usiku upakae vizuri. Kwenye sehemu zilizopasuka, upakae mara tatu ao nne kwa siku. Mama wengi wanaweka kidole kimoja cha pomadi kwa mwili mzima, halafu wanasema haikusaidia. Mtoto mwenye egzema anamaliza kopo upesi. Ngozi yake ina kiu, umnyweshe.

Mnunue kopo lililofungwa, lenye jina. Ile inayopimwa kwa kijiko kutoka ndoo kubwa, nani anajua imechanganywa na nini? Na nyumbani usitie vidole vyenye uchafu ndani ya kopo. Utoe na kijiko safi, uweke kwenye kiganja, ufunge kopo.

Mafuta ya yao pia ni mazuri sana. Wenye ndugu upande wa Aru, ao ng'ambo kule Arua na nchi ya Waacholi, wanayajua. Mti wake unaota wenyewe porini, na mafuta ya upande wetu huu ni laini kuliko yale ya Afrika ya magharibi, yanayeyuka upesi mkononi. Yananuka moshi kidogo, kwa kuwa kokwa zinakaangwa. Harufu hiyo si kosa. Kosa ni yakinuka uchachu: yamezeeka, usimpakae mtoto.

Mafuta ya alizeti, yale safi ya kupikia, yanafaa vilevile. Katika hospitali moja ya Dhaka, nchi ya Bangladesh, waganga waliwapakaa watoto waliozaliwa mbele ya wakati, na mwaka 2005 wakaandika kwamba waliopakwa mafuta ya alizeti walishikwa na magonjwa ya damu kidogo kuliko wenzao. Wale walikuwa watoto dhaifu kabisa, mikononi mwa waganga. Mimi naichukua kama alama tu kwamba mafuta hayo ni rafiki wa ngozi.

Mafuta ya zeituni si rafiki hivyo. Simkatazi mtu maombi. Tone moja kwenye paji la uso halina shida. Lakini kumpakaa mtoto mwili mzima kila siku, hapana: mafuta hayo yanafungua ukuta badala ya kuuziba. Wengi wanashangaa, kwa sababu ni ya bei. Bei haijui ngozi.

Mawese mekundu? Hayana sumu, lakini yanatia rangi nguo zote, na shuka, na mama mwenyewe. Tuyaache kwenye sombe. Mafuta meusi ya kokwa ya mawese, wazee wanayapenda. Kwa ngozi ya kawaida hayana neno, lakini kwa egzema mara nyingi yanachoma, maana yameungua sana wakati wa kutengenezwa. Siagi ya ngombe, wafugaji wazee wa vilima hivi walijipaka, na ngozi zao zilikuwa nzuri, sikatai. Inaoza upesi, na inaita nzi. Karanga je? Mafuta ya karanga usiyaweke kwenye ngozi ya mtoto iliyopasuka. Chakula kikipita kwenye jeraha mbele ya kupita kinywani, mwili unaweza kukichukua kama adui, na siku mtoto atakapokula karanga atavimba.

Glicerine iko pale sokoni, chupa ndogo. Ni nzuri, lakini si peke yake. Glicerine inavuta maji. Ukiipakaa tupu wakati wa upepo mkavu, itavuta maji kutoka ndani ya ngozi. Uichanganye: sehemu moja ya glicerine, sehemu tatu za maji yaliyochemshwa na kupoa, na ufanye ya siku moja tu. Upakae, halafu vazelini juu yake. Kwa visigino vya mama vilivyopasuka hii ni dawa kabisa. Usiku, glicerine ya maji, vazelini, na soksi.

Maziwa ya kupakaa, yale ya chupa kubwa, mengi yana maji na harufu. Ngozi yenye nguvu haina shida nayo. Ngozi dhaifu inachomwa na harufu, hata ile iliyoandikwa "kwa watoto". Picha ya mtoto kwenye chupa haionyeshi kilichomo ndani.

Ukipata kitu kipya, hata kama ni mimi nimekishauri, usikipakae mwili mzima siku ya kwanza. Chukua kidogo, upakae ndani ya mkono karibu na kiwiko, mahali padogo kama sarafu. Asubuhi na jioni, juma moja. Pakiwa pekundu, pakiwasha, pakitoa vipele, kitu hicho si cha mtoto huyu. Labda ni cha mwingine. Na ubadilishe kitu kimoja tu kwa mara moja. Ukibadilisha sabuni na pomadi na chakula pamoja, utajuaje nani amefanya nini?

Neno moja juu ya moto, nalitilia mkazo. Kitambaa kilicholowa vazelini ao mafuta, siku nyingi, kinashika moto upesi kuliko kitambaa kikavu. Hata kukifua hakuondoi mafuta yote. Sisi tunapika kwa makala na kuni, mtoto amefungwa mgongoni. Blanketi la mtoto mwenye kupakwa pomadi lisikae karibu na mbabula wala taa ya petroli.

Mwingine ataniuliza: mtoto wangu hana kitu, ngozi yake nzuri, nimpakae kila siku ili asipate egzema? Huko Uingereza walijaribu kwa watoto zaidi ya 1,300, wakapakaa kila siku mwaka mzima, na mwaka 2020 wakasema haikuzuia egzema. Basi fanya unavyopenda, lakini usipunguze pesa ya mayai na samaki ili ununue pomadi. Na mtoto aliyezaliwa leo, ule weupe kama siagi ulio kwenye mwili wake usiusugue. Ni mafuta yake ya kwanza. Aogeshwe kesho yake, masaa 24 yakipita. Akiambuka ngozi mikononi na miguuni juma la kwanza, mara nyingi ni kawaida.

Turudi sasa kwa mama yule na kile kitu cha kukamua.

Nikakichukua, nikasogea dirishani kusoma herufi ndogo. Iliandikwa CLOBETASOL. Mama, hiyo ni dawa, si pomadi. Ni ya jamii ya kortizoni, na ndani ya jamii hiyo ni katika zenye nguvu kupita zote. Inazima wekundu upesi, ndiyo maana mtu anaona ajabu. Lakini ukiendelea, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, mishipa inaonekana, mistari inatokea, vipele vinajaa usoni. Kwa mtoto mdogo dawa inapita ngozi na kuingia damuni, na mwili wake unaacha kutengeneza dawa yake wenyewe ya kumpa nguvu. Ukikata ghafula, ngozi inawaka upya, na mtoto anaweza kulegea. Kwa hiyo mama aliyepakaa kwa majuma mengi asiitupe leo jioni kwa woga. Aje, tumpunguzie polepole. Kuna kortizoni yenye nguvu ndogo, muganga anaweza kukupa kwa siku chache egzema ikichachamaa. Hiyo ni kwa mkono wa muganga, kwa mahali tunapokuonyesha.

Na hapa niseme na mama wenyewe, maana kitu hicho hicho mnakipakaa usoni ili muwe weupe. Msicheke, ninawaona. Vitu vinavuka kwa Mahagi, vinavuka ziwani kwa Kasenyi, vinafika sokoni vikiwa na picha ya dada mweupe. Tazameni herufi: CLOBETASOL, BETAMETHASONE, HYDROQUINONE, MERCURE, CALOMEL. Mkiona moja kati ya hizo, rudisheni mezani. Usiyejua kusoma, mpe mtoto wako wa shule akusomee, ni kazi nzuri kwake. Hidrokinoni inaondoa rangi, halafu miaka ikipita inaleta madoa ya bluu na meusi yasiyotoka tena. Rwanda iliingia masokoni mwanzo wa 2019 kuziondoa. Zebaki inaharibu figo, na kwa mama mwenye mimba inapita kwa mtoto tumboni. Katika mkataba wa Minamata, kanuni ya nchi nyingi mpaka 2025 ilikuwa pomadi isipite miligramu 1 ya zebaki ndani ya kilo nzima; sasa haitakiwi kutiwa zebaki hata kidogo. Kuna nyingine sokoni zinapita hapo mara elfu.

Na mama aliyejichubua miaka mingi, siku anapasuliwa ili mtoto atoke, jeraha linachelewa kufunga, na uzi hauna mahali pa kushika. Mwulizeni mtu yeyote anayefanya kazi kwenye chumba cha kupasulia.

Si kila ngozi kavu ni ukavu. Kama mtoto anawashwa usiku katikati ya vidole na kwenye mikunjo ya mikono, na ndugu zake wanajikuna, na wewe pia, huo ni upele, mdudu yuko ndani. Vazelini haimwui. Jamaa yote inatibiwa siku moja, nguo na vikwembe vyote vinafuliwa. Kwenye kambi tunaona upele kuliko egzema, kwa hiyo msiogope kuuliza. Kama ngozi inaambuka kama rangi ya ukuta wa zamani, miguu imevimba, nywele zimekuwa nyepesi, mtoto amenuna hataki kucheza: hiyo ni njaa ya chakula chenye nguvu, kwashiorkor, umlete leo, siyo juma lijalo. Alama kavu, iliyopauka, ambayo ukiichoma na jani la majani makali mtoto hasikii: tuitazame, labda ni ukoma, na ukoma unapona kwa dawa za bure. Vipele vyenye usaha na homa, vyenye kidoti katikati, vinafika hata viganjani: umlete mbali na watoto wengine, useme mlangoni, maana mpoksi iko katika nchi yetu. Na egzema ikitoa usaha wa manjano, ikawa moto, mtoto ana homa, pomadi haitoshi tena.

Mama yule, tulimwachia vitu viwili tu: vazelini, na sabuni ya mtoto isiyo na harufu. Kortizoni tuliipunguza, kutoka ile kali mpaka ndogo, majuma manne. Juma la pili alirudi amekasirika, kwa sababu mashavu yaliwaka upya. Nilikuwa nimemwambia, lakini kuambiwa na kuona si kitu kimoja. Akaketi, akalia kidogo. Mama mwingine kwenye benchi akamwambia: "Vumilia dada, yangu ilikuwa vile vile." Tulikata kucha za mtoto, tukamfunga mikono na soksi ndogo usiku. Juma la tano mtoto alilala toka jioni mpaka jogoo. Ngozi haijawa kamili, kiangazi ikifika inakauka tena, na mama anajua la kufanya bila kuniuliza. Baba amerudisha mkeka.

Juma lijalo, kila mama alete kile anachompakaa mtoto. Kopo lenyewe, chupa yenyewe, hata kama imebaki tupu, hata kama unaona aibu. Tutasoma herufi pamoja mbele ya kupima kilo.